Walipofia Pamehifadhiwa, Walipoishi Pamezama

Kuna mwamba mmoja kwenye Ziwa Martin, jimbo la Alabama, ambao vijana hupanda wakati wa joto ili waruke majini. Unaitwa Chimney Rock. Ukitafuta jina hilo mtandaoni utapata video kibao: boti zimejipanga chini, muziki uko juu, kijana amesimama ukingoni anahesabiwa moja, mbili, tatu, halafu anajitupa. Maji ni ya kijani, misonobari imezunguka kila upande. Tuseme ukweli, panapendeza. Ningekuwa huko na mimi pengine ningeruka.

Swali langu ni hili: je, ni sawa kuogelea juu ya mji wa watu?

Sisemi kwa mafumbo. Katika sehemu ya juu ya ziwa hilo kulikuwa na mji ulioitwa Okfuskee, mmoja wa miji mikubwa ya Wamuscogee, watu ambao Wazungu waliwaita Creek. Sehemu kubwa ya pale uliposimama sasa iko chini ya maji. Na maji hayo hayakujileta. Yaliwekwa pale na watu wenye majina, kwa tarehe inayojulikana, na hadi leo kuna mtu kazini anayeamua yapande futi ngapi na yashuke futi ngapi.

Sijafika Alabama. Nimeijua kaunti hii kwa ramani za satelaiti na kwa kusoma usiku wakati nilipaswa kuwa nafanya kazi ya kulipwa. Lakini kadiri nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyoona kwamba kaunti hii ndogo imeshika swali ambalo wengi wetu tunalikwepa: ukirithi kitu kizuri kilichopatikana kwa ubaya, unadaiwa nini, na nani?

Tuanze na ramani. Kaunti ya Tallapoosa iko mashariki mwa Alabama. Ni mashambani kabisa, watu wake wote ni kama 41,000, idadi ambayo Nairobi inaimeza bila kushtuka. Makao makuu ni Dadeville, mji mkubwa zaidi ni Alexander City. Mto Tallapoosa unaikata kaunti hiyo kutoka kaskazini kwenda kusini, na kwenye mto huo kuna sehemu mbili ambazo mgeni huambiwa asikose kuziona.

Ya kwanza iko upande wa juu wa mto. Hapo mto unajikunja kama kiatu cha farasi, ndiyo maana pakaitwa Horseshoe Bend. Ni hifadhi ya kitaifa ya kihistoria yenye ekari 2,040. Ya pili ni ziwa lenyewe, lililo chini ya hapo. Lina zaidi ya ekari 40,000, na ukizunguka kingo zake zote na vihori vyake utatembea zaidi ya maili 700. Ya kwanza watu huenda kujifunza. Ya pili huenda kustarehe.

Venye sehemu hizi mbili zinahusiana ndiyo stori yenyewe.

Tarehe 27 Machi 1814, ndani ya ule mkunjo wa mto, walikuwepo wapiganaji wa Kimuscogee wapatao 1,000 pamoja na wanawake na watoto kama 350. Waliitwa Vijiti Vyekundu. Walikuwa upande mmoja wa ugomvi uliowagawa Wamuscogee wenyewe: tufuate njia za Wazungu, au tuzikatae? Upande wa nchi kavu walijenga ukuta wa magogo, na nyuma yao mto uliwazunguka. Mji huo wa muda waliuita Tohopeka. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Menawa, mtu wa Okfuskee.

Aliyekuja kuwapiga ni Andrew Jackson, akiwa na watu kama 3,300. Mizinga yake miwili iliupiga ukuta ule kwa muda wa saa mbili hivi bila kuuvunja. Kilichobadilisha mambo kilitokea nyuma. Katika jeshi la Jackson kulikuwa na Wacherokee wapatao 500 na Wamuscogee 100 hivi wa upande mwingine. Baadhi ya Wacherokee waliogelea, wakaiba mitumbwi ya Vijiti Vyekundu, wakavusha wenzao na kuanza kushambulia kutoka mgongoni. Jackson naye akaamrisha ukuta uparamiwe. Hadi giza linaingia, zaidi ya Wamuscogee 800 walikuwa wamekufa. Hakuna vita vingine katika historia ya Marekani ambapo wenyeji wengi hivyo waliuawa kwenye pigano moja. Menawa alijeruhiwa vibaya akaponea chupuchupu.

Miezi michache baadaye, tarehe 9 Agosti, Jackson aliwafanya wakuu wa Wamuscogee watie sahihi mkataba wa kutoa ekari milioni 23 hivi. Na wengi waliotia sahihi hawakuwa maadui zake. Walikuwa wale waliopigana upande wake. Ardhi yao ilichukuliwa pamoja na ya walioshindwa. Wacherokee waliomshindia vita nao zamu yao ilifika: Jackson alipokuwa rais alitia sahihi sheria ya mwaka 1830 ya kuwahamisha wenyeji kwenda magharibi ya mto Mississippi, na mwaka 1838 Wacherokee wakatolewa makwao kwa nguvu. John Ross, aliyekuwa askari pale Horseshoe Bend akimpigania Jackson, ndiye aliyekuwa mkuu wao wakati huo, na alitumia miaka mingi kuipinga safari hiyo bila kufaulu.

Okfuskee na miji jirani haikuwa ndani ya zile ekari milioni 23. Ilidumu miaka 18 zaidi. Mwaka 1832 ukaja mkataba mwingine, wa Cusseta, ulioahidi kila mkuu wa familia kipande cha ekari 320 kiwe chake. Mwaka huo huo kaunti ya Tallapoosa ikaundwa juu yao. Walanguzi wakaingia, kwa hati za uongo na sahihi za kubandika, na vipande vikapotea kimoja kimoja. Mwaka 1836 jeshi likawaondoa waliobaki. Menawa, mzee sasa, naye akaondolewa.

Hapo ndipo historia ya shuleni hupenda kukomea: walipigana, wakashindwa, wakaenda. Lakini ardhi haikukaa tupu ikisubiri watalii. Walikuja wakulima Wazungu, na Weusi wakaletwa kama watumwa kulima pamba. Mmoja wa watumwa hao, John Benson, alipopata uhuru baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe alirudi akaanza kununua ardhi ya shamba lile lile alikofanyishwa kazi. Aliendelea hadi akamiliki maelfu ya ekari, mahali paitwapo Kowaliga, kwenye pembe ya kusini-magharibi ambapo kaunti ya Tallapoosa inapakana na jirani zake. Mwanawe, William Benson, alisoma Chuo Kikuu cha Howard. Badala ya kubaki mjini alirudi nyumbani, na katika miaka ya 1890 akaanzisha shule ya watoto Weusi wa eneo hilo. Mwaka 1900 akaunda kampuni ya mbao na mazao, na kufikia 1914 walikuwa wamejenga reli yao ya kuwaunganisha na Alexander City. Reli, manze! Iliyojengwa na Weusi, Alabama, wakati ambapo sheria za jimbo hilo zilikuwa zimewanyang'anya hata kura. Mwaka uliofuata William Benson alifariki, na ile ndoto ikaanza kuyumba.

Kisha likaja bwawa. Kampuni ya umeme ya Alabama Power ilizuia mto Tallapoosa kwenye majabali yaliyoitwa Cherokee Bluffs, na kazi ikakamilika mwaka 1926. Wakati huo ziwa lile lilikuwa miongoni mwa maziwa makubwa kabisa duniani yaliyotengenezwa na binadamu. Maji yalipanda yakafunika pale palipokuwa Okfuskee. Yakafunika kijiji cha Wazungu kilichoitwa Susanna. Yakafunika sehemu kubwa ya kilichokuwa kimebaki Kowaliga. Kabla ya hapo makaburi mengi yalifukuliwa na kuhamishwa, na hilo lilikuwa jambo la heshima. Lakini Wamuscogee wa kale walikuwa na desturi ya kuzika wafu wao chini ya sakafu ya nyumba. Kaburi la namna hiyo halina jiwe wala uzio. Ni rahisi sana kulipita bila kuliona.

Mwaka 1936 bwawa likapewa jina la Thomas Martin, rais wa kampuni, na ziwa likaitwa hivyo hivyo.

Na sasa kuna jambo ambalo liliniweka macho. Thomas Martin huyo huyo ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kupigania Horseshoe Bend ihifadhiwe. Kampuni yake ilikuwa na ardhi pale kwenye mkunjo, ikatoa ekari 560 kama zawadi kwa taifa. Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuunda hifadhi hiyo mwaka 1956. Martin alikuwa mpenzi wa historia kwelikweli, hata akaandika kitabu kuhusu mahali hapo.

Kwa hiyo tuna mtu mmoja, kampuni moja, mto mmoja. Juu, mahali Wamuscogee walipouawa, pamehifadhiwa kwa sheria na alama na njia safi za kutembelea. Chini, mahali walipokuwa wakiishi, pamezamishwa.

Sidhani Martin alikuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa hivyo. Ninachoona ni mazoea ambayo hata sisi tunayo: tunaona kifo cha watu kama historia, na maisha yao kama uwanja mtupu. Vita vina tarehe, jemadari, mshindi, namba ya waliokufa. Unaweza kuviwekea kibao. Lakini karne nzima ya watu kupanda mahindi, kukaanga, kutaniana, kubishana kwenye uwanja wa katikati ya mji ambako moto wa pamoja ulikuwa ukiwashwa kila mwaka, kufanya biashara ya ngozi za paa na Waingereza, hiyo haina tarehe. Haina jemadari. Basi mtu akitafuta bonde la kujaza maji, macho yake yanapita juu ya hayo yote na kuona bonde tu.

Kuna mfano mdogo unaonisumbua. Mwaka 1952 mwanamuziki Hank Williams alikaa kwenye nyumba ndogo kando ya ziwa hilo, upande wa Kowaliga, na jina la mahali hapo likamtilia wazo la wimbo uitwao "Kaw-Liga". Ulitoka mwaka uliofuata, yeye akiwa ameshakufa, na ukapendwa sana. Unahusu sanamu ya mbao ya Mhindi Mwekundu iliyosimama mlangoni mwa duka, ikapenda, ikashindwa kusema. Hebu fikiria. Mahali penye jina la Kimuscogee, ambapo Weusi waliotoka utumwani walijenga shule na reli, pakaja kujulikana na dunia kupitia mtu wa mbao asiyeweza kufungua mdomo.

Najua pingamizi. La kwanza utalisikia kwa mtu yeyote, hapa au Alabama: hayo ni ya zamani, maji yakimwagika hayazoleki. Aliyeruka kutoka Chimney Rock Jumamosi iliyopita hakumuua mtu 1814 wala hakujenga bwawa 1926. Kwani atoe machozi kabla ya kuogelea?

Pingamizi hili lina wakili mzuri. Mwaka 1992 mwanafalsafa wa New Zealand, Jeremy Waldron, aliandika insha akitetea kwamba dhuluma ya zamani inaweza kupitwa na wakati. Anatumia mfano wa visima. Tuseme makundi kadhaa yanaishi kwenye nchi kavu, kila kundi na kisima chake. Kundi moja linaingia kwa nguvu na kunywa kwenye kisima cha jirani. Hiyo ni dhuluma, hakuna ubishi. Halafu ukame unakuja, visima vingine vyote vinakauka. Sasa haki yenyewe inadai kisima kilichobaki kitumiwe na wote. Wale wale waliokuwa wezi jana, leo wana haki ya kunywa, kwa sababu hali imebadilika. Waldron hasemi tusahau. Anasema kukumbuka ni sehemu ya watu kujijua wao ni nani. Anachosema ni kwamba madai ya mali hayabaki vile vile milele wakati dunia inayoyazunguka imegeuka.

Ninaiheshimu hoja hii, na nadhani kuna mahali inafaa. Kaunti ya Tallapoosa leo ina watu waliozaliwa hapo vizazi saba, wakiwemo wajukuu wa watumwa ambao hawakuchagua kuletwa. Kuwaambia wafunge virago kungekuwa kuongeza dhuluma juu ya dhuluma.

Lakini angalia tofauti. Kwenye mfano wa Waldron ukame unatoka mbinguni. Hakuna aliyeuleta. Kwenye mto Tallapoosa, hali ilibadilishwa na wale wale walioshika ardhi. Walioshika ndio waliojenga ukuta wa zege, halafu wajukuu wao wanasema: tungependa kuzungumza kuhusu Okfuskee, ila unaona, kuna maji. Ni kama mtu achukue shamba lako, ajenge ghorofa juu yake, kisha akwambie mambo yamebadilika. Ndiyo yamebadilika. Nani kayabadilisha?

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwangu: umeme. Bwawa halikujengwa ili watu waruke kutoka kwenye miamba. Lilizalisha umeme, umeme ukaendesha viwanda, vikiwemo vya nguo vilivyolisha familia nyingi za Alabama kwa miongo. Sisi ambao taa zetu zinategemea mabwawa ya mto Tana hatuwezi kujifanya watakatifu hapa. Kuna watu huhamishwa ili wengine wapate mwanga, na mara nyingine hesabu inakubali.

Sawa. Ila hesabu ya manufaa ya wote lazima iulize hao "wote" ni akina nani. Katikati ya miaka ya 1930, takriban miaka kumi baada ya bwawa kukamilika, mashamba tisa kati ya kumi nchini Marekani bado hayakuwa na umeme. Nyaya zilienda mijini na viwandani. Mtu wa mashambani aliyetazama bonde likijaa alitoa ardhi kwanza na kupata taa mwisho, kama alizipata. Na Mmuscogee wa Okfuskee hakuwa kwenye hesabu kabisa, kwa sababu alishatolewa miaka 90 mapema. Hapo unaona jinsi dhuluma moja inavyoirahisishia nyingine kazi: ukishawaondoa watu, huhitaji kuwaomba ruhusa ya kuzamisha mji wao.

Basi nini? Tunarudi kwa kijana wa wikendi ambaye hakufanya lolote. Ninakubali hana hatia. Hatia inahitaji mtenda, na watenda walishakufa. Lakini lugha yetu ina neno lingine ambalo naona linafaa hapa kuliko hatia. Neno hilo ni amana.

Amana ni kitu cha mtu kilicho mkononi mwako. Hailazimu uwe umekiiba. Ukikuta simu kwenye kiti cha matatu, wewe si mwizi. Umekaa tu, ukaikuta. Lakini pale unapoitia mfukoni kuna jambo limeanza. Na ikianza kulia, jina la mwenyewe likawaka kwenye kioo, huwezi tena kusema "mimi sikuiba" ukadhani umejibu. Hakuna aliyekuuliza kama uliiba. Umeulizwa utapokea au hutapokea.

Na mwenye Okfuskee anapiga. Hili ndilo watu husahau: Wamuscogee hawakuisha. Taifa lao lipo Oklahoma, makao yake makuu ni Okmulgee, raia wake ni zaidi ya 80,000, wana serikali yao na mahakama zao. Huko Oklahoma kuna kaunti inaitwa Okfuskee. Walibeba jina wakaenda nalo. Na hawakubeba jina peke yake. Watu wa mji wa Lochapoka, nao wa bonde la Tallapoosa, walipoondolewa walibeba majivu ya moto wao wa pamoja. Mwaka 1836 walifika kwenye mti mmoja wa mwaloni kando ya mto Arkansas, wakayaweka majivu yale chini na kuwasha moto upya. Mti huo bado umesimama, katikati ya mji uliokua kuuzunguka. Mji huo ni Tulsa, na jina lake limetokana na jina la mji wa Kimuscogee.

Mwaka 2020, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua katika kesi ya McGirt kwamba eneo lililoahidiwa Wamuscogee huko Oklahoma halijawahi kuvunjwa kisheria, hivyo kwa mashtaka makubwa ya jinai bado linahesabiwa kuwa ardhi yao. Sehemu kubwa ya Tulsa imo. Ahadi ya karne ya 19 ilishikwa karne ya 21. Haikurudisha kila kitu, na kesi ile haikuhusu Alabama hata kidogo. Lakini ilivunja ile hoja ya uvivu kwamba muda ukipita wa kutosha, deni hujifuta lenyewe bila mtu kulifuta.

Sasa turudi kwenye maji. Tunaposema maji yakimwagika hayazoleki, tunafikiria jambo lililotokea mara moja likaisha. Ziwa Martin si hivyo. Bwawa lile linaendeshwa kwa leseni ya serikali kuu, na leseni huwa na mwisho. Ya sasa ilitolewa mwaka 2015 baada ya mashauriano ya miaka. Kila majira ya baridi kampuni hushusha maji ili kuacha nafasi ya mafuriko, na zamani yalishushwa kwa futi 10. Wenye nyumba za ufukweni hawakupenda kuona gati zao zimesimama kwenye tope miezi hiyo yote. Wakasema. Wakasikizwa. Leseni mpya ikapandisha kiwango cha baridi kwa futi 3.

Futi 3 hizo ndizo zilizonimaliza. Zinaonyesha kwamba ziwa si jambo lililokwisha 1926. Kimo chake kinajadiliwa mezani, na watu wenye sauti wanakisogeza. Kwa hivyo anayesema "hakuna la kufanya, ni historia" anasema jambo ambalo wenye gati wamethibitisha si kweli.

Sidai ziwa likaushwe. Okfuskee haitafufuka kwenye tope, na kuna viumbe na maisha mapya yaliyoota pale ambayo nayo yana haki yao. Hapo Waldron amenishinda na nimekubali. Ninachosema ni kwamba mwenye kushika amana ana mambo matatu ya kufanya, na hakuna hata moja linalomhitaji alie.

La kwanza, aseme ni ya nani. Kibao cha Horseshoe Bend kinaeleza jinsi Wamuscogee walivyokufa. Kando ya maji, pale boti zinaposhushwa, paelezwe jinsi walivyoishi: walipanda nini, moto ulikaa wapi, mtu wa Okfuskee akitaka kwenda kuuza ngozi alipita njia gani. Kowaliga nayo isiwe ufuo na wimbo tu. Mtoto anayekuja kuogelea ajue kuna mtu aliyekuwa mtumwa akainunua ardhi hiyo, na mwanawe akajenga reli.

La pili, apokee simu. Leseni ikijadiliwa, Wamuscogee wasiitwe mwishoni kama wageni wa kupongeza chakula. Sheria ya Marekani ya mwaka 1966 ya kuhifadhi sehemu za kihistoria tayari inafungua mlango wa kuwashirikisha. Lakini kushirikishwa kuna namna mbili: kuna kuulizwa, na kuna kusikizwa. Wenye gati walisikizwa.

La tatu ndilo gumu, na linatuhusu hata sisi ambao hatutawahi kuona mwamba ule. Aache kuchanganya uzuri na usafi. Tunapenda kuamini kwamba mahali panapotupa raha hapawezi kuwa na deni, kwamba maji yakitulia basi mambo yametulia. Ziwa zuri linabaki zuri ukijua kilicho chini yake. Unaweza kuogelea. Ila utakuwa unaogelea kama mgeni kwenye boma ambalo wenyewe wako safarini, na mgeni mwenye adabu hafungui makabati wala hasemi nyumba haina mwenyewe.

Leseni ya 2015 nayo itaisha. Siku hiyo meza itawekwa tena, na watu wataanza kubishana kuhusu futi. Wenye gati watakuwepo, hao hawakosi. Ningependa kujua nani mwingine atakuwa amevutiwa kiti.